Malazi ya Mtu wa Njiani: Kutoka Kambi ya Chumvi ya Ivuna Hadi Foleni ya Tunduma

Vitabu vya historia ya nchi yetu vimetueleza kwa urefu habari za bidhaa zilizopita njiani. Twajua pembe za ndovu zilitoka wapi na kwenda wapi, nguo ya merikani ilipimwa kwa mikono mingapi, na shaba yateremkaje leo kutoka Katanga mpaka bandarini Dar es Salaam. Lakini mtu aliyezichukua bidhaa hizo alilala wapi, na kitanda chake alikilipia nini? Swali hili laonekana dogo, na labda ndiyo sababu halijaulizwa sana. Msafiri wa siku mbili aweza kulala popote akavumilia, maana anarejea kwake. Lakini wako watu ambao kwao njia yenyewe ndiyo nyumba: mpagazi wa miezi sita, mchemsha chumvi wa kiangazi kizima, dereva ambaye siku anazolala nyumbani kwake kwa mwaka zaweza kuhesabiwa kwa vidole. Kwa mtu wa namna hii, malazi ya bei nafuu ni jambo la maisha. Akikosa, hula mtaji wake. Na asiye na mtaji hula mwili wake.

Nimechagua kulitazama swali hili katika pembe moja ya nchi, nayo ni mkoa wa Songwe. Sababu ni kwamba katika mkoa huu mmoja, kati ya Ivuna iliyo bondeni na Tunduma iliyo mpakani, twaweza kuziona namna tatu au nne za malazi ya watu wa njiani zikifuatana kwa muda wa miaka mia saba. Sababu ya pili ni yangu mwenyewe, nayo itajitokeza mbele.

Ivuna iko katika wilaya ya Momba, upande wa kusini wa Ziwa Rukwa. Mtu atokaye nyanda za Mbozi, penye baridi na mashamba ya kahawa, huteremka ukuta wa bonde akaingia katika joto, vumbi na nchi tambarare. Huko ziko chemchemi za maji ya moto yenye chumvi, na kiangazi kikikomaa udongo hufanya weupe juu kana kwamba umenyunyiziwa unga. Watu wa kale walikwangua udongo huo, wakautia katika vyungu vilivyotobolewa chini, wakamimina maji juu yake, na maji yaliyochuruzika wakayachemsha motoni mpaka chumvi ikabaki. Wachimbuzi wa mambo ya kale, Brian Fagan na John Yellen, walifanya kazi hapo katika miaka ya 1960, na mwaka 1968 walichapisha habari zake katika jarida la Azania. Waliona marundo ya vigae, mifupa ya wanyama na alama za makazi, na walihesabu kwamba watu walikuwa wakifanya kazi ya chumvi hapo tangu karne ya 13 hata karne ya 15.

Nje ya Tanzania jina la Ivuna lajulikana zaidi kwa habari nyingine. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka huko kimondo, nacho si kile kikubwa cha Mbozi wanachopelekwa wanafunzi kukitazama. Vipande vilivyookotwa havikufika uzito wa kilo moja. Hata hivyo wataalamu walikuta kwamba maada yake yakaribia sana maada ya asili iliyofanyiza jua na sayari, na jamii nzima ya vimondo vya namna hiyo imepewa herufi ya kwanza ya jina la Ivuna. Udongo ulioletwa duniani mwaka 2020 na chombo cha Wajapani kutoka sayari ndogo ya Ryugu umelinganishwa nacho. Nakitaja kwa kuwa wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka, kisha nakiacha. Kimondo hakikuhitaji malazi.

Turudi kwa wachemsha chumvi. Kazi yao ilikuwa ya majira. Mvua zikinyesha, maji matamu huchanganyika na ya chumvi, udongo huoshwa, na kuni hulowa. Basi chumvi hupikwa kiangazi, wakati uleule mkulima hana kazi kubwa shambani. Katika jarida lilelile la 1968, J. E. G. Sutton na Andrew Roberts walieleza habari za Uvinza, magharibi ya Tabora, ambako desturi ya karne ya 19 yajulikana vema zaidi. Kila kiangazi maelfu ya watu walikuja Uvinza kutoka nchi za mbali, wakajenga vibanda vya nyasi kando ya chemchemi, wakachemsha chumvi kwa majuma na miezi, kisha wakaondoka na mizigo yao. Hawakulipa fedha ya kulala. Watawala wa nchi walichukua sehemu ya chumvi iliyopatikana, na sehemu hiyo ilitosheleza yote kwa pamoja: ardhi ya kambi, kuni za msituni, maji, na amani ya kutoibiwa usiku.

Mimi naamini Ivuna haikuwa mbali sana na desturi hiyo. Chumvi haikosi wanunuzi, nayo ilitembea kwenda kwa watu wa nyanda za juu waliokuwa na vitu vya kubadilishana, kama majembe ya chuma ya Wafipa na Wanyiha. Mahali palipo na kitu cha namna hii hapakosi wageni, na wageni wa miezi hawawezi kulishwa kwa ukarimu peke yake. Hapa msomaji atanikumbusha methali yetu ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu. Naam, lakini watu huitaja methali hiyo kwa kicheko, kana kwamba ni hila ya mwenyeji mchoyo, nami naiona kuwa kanuni ya haki kabisa kwa watu wa njiani. Yasema kwamba mgeni wa muda mrefu halipi kwa mali asiyokuwa nayo. Hulipa kwa kazi aliyo nayo mikononi. Mchemsha chumvi wa Uvinza alikuwa na jembe lake tangu siku ya kwanza.

Kambi ya chumvi ilikuwa mahali pamoja, watu wakiijia na kuiacha. Karne ya 19 ilileta kambi ya namna nyingine, kambi inayohama kila siku. Misafara ya pwani ilipita zaidi kaskazini ya Ivuna, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, lakini matawi yake yalishuka Ufipa na Urungu mpaka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Tippu Tip alipita pande hizo, akapigana na Nsama wa Itahua mwaka 1867. Kitabu cha maisha yake, ambacho Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikichapisha tena mwishoni mwa miaka ya 1950, chatuambia mengi juu ya pembe na vita. Juu ya usingizi wa wapagazi chatuambia machache mno. Mtu mwenye hema hasumbuliwi na swali la mahali pa kulala.

Habari zenyewe twazipata kwa wengine. Richard Burton, aliyekwenda bara kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwa makini juu ya kambi za njiani. Zilikuwa duara za vibanda vya nyasi na matawi, aghalabu zimezungushiwa miiba, zilizojengwa na msafara mmoja na kutumiwa na mwingine. Msafara uliofika jioni ukiikuta kambi nzima, watu waliingia na kutengeneza palipobomoka. Ukikuta imeungua, walikata miti na nyasi na kujenga upya kabla ya giza. Mimi sijui malazi mengine katika historia yetu yaliyokuwa ya haki kuliko haya. Hayakuwa na mwenyewe, wala mlinzi wa mlango. Aliyelala jana alimjengea atakayelala leo pasipo kumjua, na kodi yake ilikuwa fito chache na mafungu ya nyasi. Wadudu walikuwamo, bila shaka, na moto uliotoka jikoni kwa mtu mmoja uliweza kuteketeza vibanda vyote.

Ndani ya Unyamwezi mambo yalikuwa mema zaidi. Kila kijiji kikubwa kilikuwa na iwanza, nyumba ya wanaume, ambamo watu walishinda wakizungumza, na mpita njia aliweza kuingia na kulala. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, kwa hiyo aliyepewa mahali pa kulala mwaka huu alikuwa na mwanawe au nduguye ambaye mwakani angepewa kwingine. Tusisahau pia kwamba misafara haikuwa ya wanaume tu. Wake wa wapagazi walifuatana nao, wakachukua vyungu na mikeka na kupika, na mara nyingi ndio waliofanya kibanda cha nyasi kifanane na nyumba.

Palipokosekana udugu, palikuwa na utani. Wanyamwezi na watu wa pwani walikuwa watani, na wako wengi wanaosema kwamba utani huo uliota katika njia ya misafara. Mtani alikuwa na haki ya kuingia, kuchukua chakula, kutukana bila kukasirikiwa, na akifa ugenini watani wake walimzika. Leo tumeufanya utani kuwa mchezo wa maneno harusini na misibani. Mpagazi mwenye homa, aliyeachwa nyuma na msafara wake katika nchi ya watu asiowajua, alikuwa na matumizi mazito zaidi ya utani huo.

Na palipokosekana vyote viwili, ilibaki hongo. Neno hili lataka uangalifu, kwa maana limegeuka kabisa. Kijana wa leo akilisikia huwaza fedha inayotolewa gizani. Katika karne ya 19 hongo ilitolewa mchana, mbele ya watu, baada ya kubishana siku mbili au tatu, nayo ilikuwa ada halali ya mtawala wa nchi kwa msafara unaopita. Katika masimulizi ya safari yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, yakiwamo ya Selemani bin Mwenye Chande, hongo ni habari isiyokwisha. Ugogo ilikuwa nzito kuliko pengine pote, kwa kuwa maji yalikuwa haba, na msafara ulilipia hata kisima. Msafara ukilipa, ulinunua ruhusa ya kulala salama na kuuziwa chakula. Ndipo tunapofahamu kwamba bei ya malazi ilikuwa imefichwa katika hongo, na tajiri mwenye msafara ndiye aliyeilipa. Mpagazi hakuitoa mfukoni mwake.

Cha mpagazi kilikuwa posho. Naomba msomaji alishike neno hili, maana tutakutana nalo tena Tunduma. Posho ilikuwa chakula cha kila siku, au nguo ya kununulia chakula hicho, aliyopewa mtu juu ya ujira wake. Mzigo wake ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na mtu aliyeubeba tangu alfajiri hawezi kupunguza chakula asidhoofike. Hata hivyo wapagazi walijinyima. Walikula kidogo wakaiweka nguo, ili wafike kwao na kitu cha kuoa au kununulia ng'ombe. Palipokuwa na posho isiyobadilika na njia isiyojulikana urefu wake, mtu alianza kujiibia mwenyewe.

Wakati wa wakoloni nitaupita kwa haraka. Mwaka 1881 tajiri wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ili ipasuliwe barabara kutoka Karonga, katika Ziwa Nyasa, hata Ziwa Tanganyika. Barabara haikukamilika kama ilivyokusudiwa, lakini Waingereza na Wadachi walipogawana nchi kwa mkataba wa 1 Julai 1890, mpaka uliwekwa hivi kwamba barabara hiyo ibaki kwa Waingereza. Hivyo Wanyamwanga wakajikuta wamegawanywa nusu kwa nusu, na mahali panapoitwa leo Tunduma na Nakonde pakawa milango miwili ya nyumba moja. Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iliwaita vijana upande mmoja, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini iliwaita upande wa pili. Walikwenda kwa miguu, wakalala kwa ndugu, kwa watu wa kabila moja, au katika kambi za vibarua zilizowekwa na wenye mali. Katika kambi hizo kulala kulikuwa bure, na aliyelala bure aliandikwa jina.

Nimefika sasa katika sababu yangu mwenyewe. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia ya Kusini, na Zambia, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikakatiwa njia ya mafuta yake na kutiwa mashaka juu ya njia ya shaba yake. Malori yalikusanywa kutoka kila upande. Yalipakia mapipa ya petroli na dizeli Dar es Salaam, yakapanda Morogoro, Iringa na Mbeya, yakavuka Tunduma. Yakarudi na shaba. Njia ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa sana, na wakati wa mvua ilikuwa tope. Waingereza waliiita njia ya jehanamu. Marehemu baba yangu, kijana wa Mbozi ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, alikuwa utingo katika lori mojawapo kwa misimu miwili.

Hakupenda kusimulia habari za mapipa wala za magari yaliyopinduka. Alisimulia habari za kulala. Kabini ilikuwa ya dereva. Utingo alilala chini ya lori, juu ya turubai, baina ya magurudumu ya nyuma, na moto hakuruhusiwa kuuwasha, maana juu yake palikuwa na mapipa ya petroli yanayovuja. Mvua ikinyesha, maji yalipita chini ya lori kama mfereji. Kampuni haikuwa imefikiri kabisa juu ya mahali pa utingo kulala. Katika hesabu zake hapakuwa na jambo la namna hiyo. Lori lilipozama katika tope siku nne, ni watu wa vijijini waliokuja na majembe na matawi, wakalikwamua, wakaleta viazi vya kuchemsha, wakamkaribisha utingo jikoni karibu na moto. Walilipwa nini? Kidogo, alisema baba: chumvi, sabuni, debe tupu, na kupanda lori bure mpaka mnadani. Lori likikwama, kijiji kilipata kitu. Na utingo akapata moto wa kuota. Alimkumbuka mama mmoja wa upande wa Makambako aliyempa mkeka, akamwambia auchukue kabisa. Mkeka huo ulikuwapo nyumbani kwetu mpaka nilipoingia sekondari.

Mambo yalibadilika upesi. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilianza kazi mwaka 1968, barabara ikatiwa lami, na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970, ilikabidhiwa kwa nchi mbili mwaka 1976 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860. Ilidhaniwa kwamba malori yangepungua. Lakini shaba ya Katanga na ya Zambia imeongezeka, na sehemu kubwa yake yasafiri kwa magurudumu ya mpira. Yote hayo hupita Tunduma, katika mji uliojengwa kandokando ya foleni.

Kabla ya kuingia katika foleni hiyo, nataka kumpeleka msomaji mbali kidogo, Marekani, maana huko nako wako watu wengi wanaoishi katika nyumba za magurudumu mwaka mzima. Wengine ni wastaafu wenye uwezo, na wengine ni watu walioshindwa na kodi ya nyumba. Shida yao kubwa ni hii hii yetu: gari unalo, lakini utalisimamisha wapi usiku bila ya kulipa kama hoteli? Serikali yao ina ardhi kubwa ya jangwa huko magharibi, na katika sehemu nyingi za ardhi hiyo mtu aweza kukaa bure siku 14, kisha lazima asogee. Katika jangwa la Arizona, karibu na mji mdogo uitwao Quartzsite, zimetengwa sehemu ambazo kwa ada moja mtu hukaa majira yote ya baridi. Hukusanyika huko kwa maelfu, na mji waishi kwa kuwauzia maji, chakula na vipuri. La ajabu ni kwamba katika makaburi ya mji huo amezikwa mtu wa misafara hasa: Haji Ali, mwendesha ngamia aliyeletwa Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia wa jeshi, akafa mwaka 1902. Juu ya kaburi lake pamejengwa piramidi ndogo yenye sanamu ya ngamia. Naona mpango wa Quartzsite ni Uvinza iliyorudi: watu wa majira, mahali palipojulikana, ada iliyojulikana, na mwenyeji anayefaidika kwa kukaa kwao.

Tunduma ina maelfu ya watu wanaolala magarini, lakini haina mpango wa namna hiyo. Hilo ndilo lililonishangaza nilipokwenda kuuliza. Nilidhani nitakuta shida ya uhaba wa vyumba. Vyumba vipo. Nyumba za wageni zimesongamana pande zote mbili za barabara, na nyingine ni za bei ndogo kabisa. Madereva wanazipita tu, wanakwenda kulala katika kabini, nyuma ya usukani, kwenye kitanda chembamba kilichowekwa pazia.

Nilipata maelezo kwa dereva mmoja mtu mzima, mwenye mvi, ambaye nilimkuta akipika ugali kwa jiko dogo la gesi kivulini mwa lori lake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu chakula." Alipojua kwamba nafundisha chuoni aliniita mwalimu mpaka mwisho. Nilimwuliza kwa nini halali katika gesti. Akanijibu kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mwalimu, nikilala huko, huku atalala nani? Dizeli itanyonywa usiku. Turubai litachanwa. Asubuhi nitaulizwa mimi, na itakatwa katika mshahara wangu." Kisha akaongeza, "Na gesti nilipie kwa nini? Nilipewa posho ya siku za safari. Hizi si siku za safari, hizi ni siku za foleni."

Neno ni lile lile la msafara. Tajiri wa leo humpa dereva posho kwa kuhesabu safari: kwenda, kushusha, kurudi. Siku za kungoja karatasi za forodha, wakala asiyepokea simu, au mtandao uliokatika, hazimo katika hesabu. Kwa hiyo dereva huyagawanya upya yale aliyopewa. Huanza kwa kufuta malazi, kisha hupunguza nyama, na mwisho huacha kutuma fedha nyumbani. Juu ya hayo hufanya kazi ya pili isiyo na ujira, kazi ya ulinzi wa usiku. Kitanda cha kabini huitwa bure, na mwenye lori ndiye anayekipata bure. Wako wenye yadi za kuegesha malori ambao huweka walinzi na kutoza ada ya usiku. Dereva akiwa na ruhusa ya tajiri huingia humo, na asipokuwa nayo hubaki barabarani. Nilisikia mabishano ya ada hiyo, na yalinikumbusha sana yale ya hongo. Tofauti ni kwamba hongo ya zamani aliibishania tajiri mwenyewe.

Serikali zetu mbili hazikukaa kimya. Mnamo Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua kituo cha pamoja cha mpaka, ili msafiri akaguliwe mahali pamoja badala ya pawili. Ni jambo jema, nami si miongoni mwa wanaolibeza, kwa maana siku moja iliyookolewa mpakani ni usiku mmoja uliorudishwa kwa mtu mwenyewe. Lakini foleni ina sababu nyingi kuliko ukaguzi. Mei 2020, wakati wa maradhi ya Korona, Zambia ilifunga Nakonde kwa siku kadhaa. Malori yakasimama, na waliokuwa ndani yake wakaogopwa pia. Yule mzee aliniambia kwamba mama lishe aliyemwuzia chakula miaka mingi alikiweka sahani chini, akarudi nyuma hatua kumi, akamwambia aje aichukue. Hakumlaumu. "Alikuwa na watoto," alisema.

Nimewauliza wanafunzi wangu wa historia swali hili mara nyingi: ni nani anayefaidika kwa kusimama kwa lori? Wengi hujibu kwamba ni mji wa Tunduma. Ni kweli kwa sehemu. Mama lishe huuza, wauza maji na vocha huuza, na vijana wa kubadilisha fedha hawakosi chao. Lakini wote hao wanagawana posho ile ile iliyokwisha tangu juma la kwanza, na mwenye biashara ya chakula hawezi kuishi kwa wateja wanaokula mara moja kwa siku. Katika Uvinza ya zamani mtu alizidi kuwa na chumvi kadiri alivyokaa, na mwenyeji akazidi kupata. Katika tope la mwaka 1967 lori lililokwama lilikuwa na kitu cha kukiachia kijiji. Foleni ya Tunduma haizalishi chochote, na kwa hiyo hakuna aliye tayari kuwa mwenyeji wake. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wasemao kwamba haja ni kujenga nyumba za wageni zaidi. Hata zikijengwa mia, mlango wake haufunguki kwa mtu ambaye siku zake za kungoja hazijaandikwa popote. Iandikwe kwanza siku hiyo, na ilipwe na yule ambaye mzigo ni wake, kama tajiri wa msafara alivyoilipa hongo. Gesti zilizopo zitajaa zenyewe.

Jioni ile tulikula pamoja. Alikuwa katika juma la tatu tangu atoke kwake, na alikuwa amebeba shaba ya kuteremka Dar es Salaam. Mbele yake yalikuwa malori ambayo hakutaka kuyahesabu. Nilimwambia habari za baba yangu na kulala chini ya lori, akacheka sana, akasema katika siku zao za utingo mambo yalikuwa bado hivyo hivyo. Aliniuliza nimefikia wapi. Nilimtajia jina la gesti na bei yake kwa usiku, bei ambayo mimi niliiona ndogo. Alinyamaza kidogo, akihesabu. Kisha akainuka, akachukua tochi, akaenda kuzunguka lori akikagua kamba za turubai moja moja.